Kibodi ya Laki Tatu: Pesa Yako Inaenda Wapi?

Katika maduka ya kompyuta ya katikati ya Kampala, kibodi mbili huweza kukaa kwenye rafu moja, moja ikiuzwa shilingi elfu thelathini hivi na jirani yake laki tatu. Zote zina waya wa USB. Zote zina herufi zilezile, kwa mpangilio uleule ambao Christopher Latham Sholes na wenzake waliubuni huko Milwaukee, Marekani, na kampuni ya Remington ikauingiza sokoni mwaka 1874. Chomeka yoyote, bonyeza K, itatoka K. Muulize muuzaji ni kitu gani hasa kilichopandisha bei mara kumi, naye atakujibu, "Hii ni ya wacheza gemu, bosi," kisha atawasha taa za rangi zilizo chini ya vitufe, kana kwamba swali limekwisha.

Halijakwisha. Bei ile ina sababu za kweli na sababu za kuvutia macho tu, na zote zimefungwa kwenye boksi moja. Anayechapa hati za mahakamani au tasnifu za wanafunzi kutwa nzima hana haja sawa na ofisa anayejibu barua pepe nne kwa siku, lakini wote wawili huuziwa kwa maneno yaleyale.

Ndani ya kibodi ya elfu thelathini

Ukifungua skrubu za nyuma utakuta karatasi mbili tatu za plastiki angavu zimelaliana, zimechorwa njia nyembamba kwa wino unaopitisha umeme. Juu yake imetandikwa shuka moja ya mpira yenye vinundu, kinundu kimoja chini ya kila kitufe. Ukibonyeza, kinundu kinabonyea, karatasi ya juu inagusa ya chini, umeme unapita, herufi inatoka. Basi. Hakuna springi, hakuna chuma kinachotembea, hakuna cha kurekebisha.

Siidharau hata kidogo. Kwa bei yake ni kazi ya akili, na ofisi nyingi za dunia hii zinaendeshwa na shuka ile ya mpira. Tena ina faida moja ambayo wapenzi wa kibodi ghali hawapendi kuitaja: chai ya maziwa ikimwagika, mpira ule huzuia sehemu kubwa isifike kwenye njia za umeme, na baadhi ya kibodi za bei nafuu, kama K120 ya Logitech, zimetengenezwa zistahimili kumwagikiwa. Kibodi ya laki tatu ikinyweshwa chai yenye sukari, vitufe vyake hunata kimoja kimoja.

Udhaifu wake uko sehemu mbili. Herufi haitoki mpaka kitufe kifike chini kabisa, kwa hiyo kila pigo la kidole linaishia kwenye sakafu ngumu. Halafu mpira huchoka. Kinundu kipya hubonyea kwa ghafla chini ya kidole na unajua kabisa kwamba herufi imetoka. Kikishazeeka ni kama kubonyeza ndizi mbivu, unasukuma tu bila kujua kama umefika. Na kitufe kimoja kikifa hakuna fundi wa kukifufua peke yake, maana shuka ni moja na karatasi ni moja.

Ndani ya ile nyingine

Kibodi ya laki tatu, ile ambayo boksi lake huandikwa "mechanical" kwa herufi kubwa, nitaiita hapa kibodi ya swichi, kwa sababu hicho ndicho kilichomo. Kila kitufe kina swichi yake, kijumba kidogo cha plastiki chenye springi na vibamba viwili vya chuma vinavyogusana. Swichi iliyofanywa kielelezo na karibu kila kiwanda ni MX ya kampuni ya Cherry, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1953 na baadaye ikahamishia makao yake Ujerumani. MX ilitoka miaka ya 1980. Kitufe chake hushuka milimita 4, lakini herufi hutoka kikifika milimita 2, yaani katikati ya safari. Mkono ukishazoea hauhitaji tena kugonga sakafu.

Rangi ya swichi ndiyo lugha ya wauzaji. Nyekundu hushuka laini bila kikwazo na huhitaji nguvu ya gramu 45 hivi. Ya kahawia ina kipandio kidogo njiani kinachokuambia herufi imetoka. Ya bluu ina kipandio hicho na inalia kwa sauti kali kila ukibonyeza. Anayeinunua kwa ajili ya ofisi ya watu sita ajiandae kwa ugomvi.

Wazo lenyewe si jipya. IBM ilipotoa kibodi ya Model M mwaka 1985, chini ya kila kitufe iliweka springi inayopinda na kulia, na kibodi nzima ilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 2. Kuna watu wanaozitumia zile za kwanza hadi leo. Kilichobadilika ni bei. Ulinzi wa kisheria wa ubunifu wa Cherry ulikwisha karibu mwaka 2014, na viwanda vya China kama Gateron, Kailh na Outemu vikaanza kutoa swichi za umbo lilelile kwa wingi. Kitu ambacho zamani kilikuwa cha mabenki na wahandisi, leo unaweza kukiagiza kwa dola 40 kabla ya usafiri na kodi. Ukizingatia kwamba dola imekuwa ikicheza kati ya shilingi 3,500 na 3,900 hivi miaka hii ya karibuni, kibodi ya swichi ya kawaida inafika kwetu kwa laki moja na nusu hadi laki mbili.

Hapo ndipo mgawanyo wa bei unapoanza kuonekana. Kutoka elfu thelathini hadi laki mbili unanunua swichi. Kutoka laki mbili kwenda juu unanunua vitu vingine: kiunzi cha aluminiamu, vifuniko vya vitufe vya plastiki ngumu aina ya PBT visivyong'aa kwa jasho la vidole haraka kama vile vya plastiki ya kawaida ya ABS, soketi za kuchomolea swichi, uwezo wa kubadilisha kazi ya kila kitufe, jina la kampuni. Baadhi ya hivyo nitavitetea hapa chini. Lakini bei haifuati uzito wa malighafi. Kibodi ya Kijapani ya Happy Hacking, ambayo wazo lake lilitoka kwa Profesa Eiiti Wada na ikaanza kuuzwa na kampuni ya PFU mwaka 1996, kwa matoleo ya Marekani ina vitufe 60 tu na mwili wa plastiki, na toleo lake la juu huuzwa zaidi ya dola 200. Wanaoipenda wanalipia hisia ya vidole na mpangilio wa vitufe. Hiyo ni haki yao.

Kasi hainunuliwi

Hili tulimalize mapema, kwa sababu ndilo linalosemwa sana dukani. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Aalto, Finland, pamoja na wenzao wa Cambridge, walichapisha uchambuzi wa mibonyezo milioni 136 kutoka kwa watu 168,000 waliojitolea kuchapa kwenye mtandao. Wastani ulikuwa maneno 52 kwa dakika. Walichokiona ni kwamba wachapaji wepesi hukosea mara chache, na hubonyeza herufi inayofuata kabla hawajainua kidole kwenye ile iliyotangulia. Waliowahi kusomea uchapaji walitumia vidole vingi zaidi, lakini kasi yao haikutofautiana sana na ya waliojifunza wenyewe. Kasi imo katika mazoea ya mkono. Mtu wa maneno 30 kwa dakika akinunua kibodi ya laki tatu atakuwa mtu wa maneno 30 kwa dakika mwenye taa za rangi.

Kwa wacheza gemu hoja ni nyingine kidogo. Kibodi nyingi za kawaida huulizwa na kompyuta mara 125 kwa sekunde kama kuna kitufe kilichobonyezwa. Za gemu huulizwa mara 1,000 na kuendelea, hata 8,000. Tofauti ya kwanza ni milisekunde 7 pale inapokuwa kubwa kabisa. Kutoka 1,000 hadi 8,000 ni chini ya milisekunde moja. Kama intaneti yako ya Kampala inachelewa milisekunde 150 kufika kwenye seva iliyo Ulaya, unajua tatizo liko wapi.

Hesabu ya uimara, ambayo haitoki kama unavyotarajia

Watengenezaji husema swichi nzuri hudumu mibonyezo milioni 50, nyingine milioni 100. Vinundu vya mpira hupewa milioni 5 hadi 10. Namba hizo ni za maabara, lakini tuzichukue kama zilivyo tuone zinasema nini kuhusu mchapaji wa Wandegeya, mmoja wa wale walio kwenye vibanda vya kuchapa na kutoa fotokopi karibu na Makerere.

Tuseme anachapa maneno 40 kwa dakika, yaani mibonyezo kama 200, kwa saa tano halisi kwa siku. Hiyo ni mibonyezo 60,000. Hakuna herufi inayopigwa kama A katika Kiswahili. Tuipe 10,000 kwa siku, na tusifanye ukarimu zaidi ya hapo. Kwa siku 300 za kazi ni milioni 3 kwa mwaka kwenye kitufe kimoja. Kinundu cha milioni 5 kinamaliza maisha kabla ya mwaka wa pili kwisha. Cha milioni 10 kinafika wa tatu. Swichi ya milioni 50 inafika miaka 16.

Nimeona kibodi kwenye kibanda kimojawapo ambayo A ilikuwa imefutika kabisa na mwenyewe ameiandika upya kwa rangi ya kucha, nyekundu, na hiyo nayo ilikuwa imeanza kulika katikati. Q, X na Z zilikuwa kama zimetoka kwenye boksi jana.

Ushindi kwa kibodi ghali, basi? Piga hesabu upande wa pesa. Kibodi ya elfu thelathini ikibadilishwa kila baada ya miaka miwili, kwa miaka kumi umetumia laki moja na nusu. Kibodi ya laki tatu ikidumu miaka hiyo kumi bado imekugharimu mara mbili, na hapo nimechukulia kwamba haitaibiwa, haitamwagikiwa soda, na shemeji hataiazima. Kwa uimara peke yake, kibodi ya bei nafuu inashinda, na sijaona muuzaji anayekufanyia hesabu hiyo hadi mwisho.

Kinachobadilisha mizani ni kile kipindi cha miezi sita ya mwisho ya kibodi ya mpira. Haifi siku moja ikakulazimisha ununue nyingine. Inaanza kuruka herufi, moja katika mia, halafu moja katika hamsini. Mchapaji anazidisha nguvu. Anarudi nyuma kufuta, anapitia ukurasa mara ya pili. Anayelipwa kwa ukurasa anapoteza kurasa, na kwa sababu kibodi "bado inafanya kazi" hataitupa. Gharama ya kibodi mbovu inalipwa hapo, nje ya daftari la duka. Ningemshauri mtu wa namna hiyo aamue moja kati ya mawili: ama anunue ya mpira na aitupe kila mwaka bila huruma, ama anunue ya swichi ya laki mbili. La kwanza ni rahisi zaidi mfukoni. Watu hawalifanyi, kwa sababu kutupa kitu kinachowaka kunauma.

Swichi nazo zina ugonjwa wao. Vumbi au kutu ikiingia kwenye vibamba vya chuma, kitufe hutoa herufi mbili kwa pigo moja. Katika Kiswahili, na katika Luganda pia, irabu mbili zinazofuatana ni jambo la kawaida, kwa hiyo jicho hupita juu ya kosa hilo bila kulishika. Zipo kibodi mpya zinazotumia sumaku badala ya vibamba vinavyogusana, na hizo hazina ugonjwa huu.

Kidole kidogo cha kushoto

Mpangilio wa Sholes ulitengenezwa kwa ajili ya Kiingereza. Herufi inayotumika zaidi katika Kiingereza ni E, na kwa mchapaji wa vidole kumi E ni ya kidole cha kati cha mkono wa kushoto, chenye nguvu na urefu. Sasa chukua sentensi ya Kiswahili: "Wananchi walikaa barazani wakiwasikiliza wazee." Ina herufi 42. A ni 12, E ni mbili tu. Na A inapigwa na kidole kidogo cha kushoto, kile dhaifu kuliko vyote, ambacho pia kimepewa kitufe cha Shift cha kushoto, Tab na Ctrl.

Kwa hiyo mtu anayechapa Kiswahili au Luganda kutwa nzima anakibebesha kidole chake kidogo mzigo ambao mwenzake wa London haujui. Ndiyo sababu naona nguvu ya kubonyeza ina uzito zaidi kwetu kuliko inavyoelezwa katika tathmini za mitandaoni, zinazoandikwa na watu wanaochapa Kiingereza. Kinundu cha mpira mara nyingi huhitaji gramu 55 au 60, na ni lazima kifike chini. Swichi nyepesi ya gramu 45, au hata ya 35, yenye kutoa herufi katikati ya safari, inakipunguzia kidole hicho kazi mara elfu kumi kwa siku. Tangu baraza la mawaziri la Uganda lilipoidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2022, nyaraka za Kiswahili zinaongezeka maofisini na shuleni, na vidole vidogo vya kushoto vitalipia.

Baadhi ya kibodi za swichi hukuruhusu kuweka swichi nyepesi kwenye A peke yake, au kuhamisha kitufe cha Ctrl mahali pa Caps Lock ambacho hakuna anayekihitaji. Huo ndio upande wa kibodi ghali ninaoutetea bila kusita. Ile ya mpira haina namna ya kubadilishiwa uzito wa kitufe kimoja.

Maumivu ni habari nyingine

Kutoka hapo ni rahisi mtu kuruka na kusema kibodi ghali hutibu mikono. Haitibu. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 1999 uliwafuata watu 80 waliokuwa na maumivu ya mikono kwa miezi sita, wakiwa wamegawiwa kibodi za maumbo mbalimbali. Kundi lililopata nafuu zaidi lilitumia Microsoft Natural, kibodi iliyopasuliwa katikati na kuinamishwa pande mbili ili viganja visipinde kuelekea nje. Kibodi hiyo ilianza kuuzwa mwaka 1994, na ndani yake hakukuwa na swichi za kifahari. Umbo ndilo lililosaidia.

Tena kibodi nyingi za swichi ni nene. Ukikunjua vile vimiguu vya nyuma kama kila mtu anavyofanya, kiganja kinapinda kwenda juu kutwa nzima. Vikunje. Kisha tazama meza. Vibanda vingi vya kuchapa mjini vimewekwa meza za kawaida, zilizoinuka mno kwa kazi hiyo, na kiti cha plastiki. Wachapaji wenye busara huweka viti viwili vya plastiki kimoja ndani ya kingine ili wapate kimo. Kiti hicho cha pili, kwa maoni yangu, kina faida kwa mabega kuliko laki moja yoyote utakayoongeza kwenye kibodi.

Na kwa wenye laptopu: kununua kibodi ya nje ya aina yoyote, hata ile ya elfu thelathini, ukainua laptopu juu ya vitabu mpaka skrini iwe usawa wa macho, ndiyo hatua yenye faida kubwa kuliko zote. Anayeamka usiku na ganzi vidoleni aende hospitali, si dukani.

Vumbi, fundi, na herufi zisizokuwepo

Ughali hauleti kinga dhidi ya vumbi. Mfano mkubwa ni wa Apple, ambayo mwaka 2015 ilianza kuweka kwenye laptopu zake kibodi nyembamba sana za mtindo wa kipepeo. Punje ya mchanga ilitosha kukwamisha kitufe. Mwaka 2018 kampuni ilitangaza mpango wa kuzitengeneza bure, ikaja kuacha muundo huo, na mwaka 2022 ikakubali kulipa dola milioni 50 kumaliza kesi ya wateja nchini Marekani. Hizo zilikuwa mashine za zaidi ya dola elfu moja, na wateja hao hawakuishi kando ya barabara ya murramu mwezi wa Januari.

Kwa mtu wa Uganda, swali la kuuliza kabla ya yote ni kama kibodi inatengenezeka hapahapa. Kibodi yenye soketi za kuchomolea hukuruhusu kung'oa swichi mbovu kwa koleo dogo na kuchomeka nyingine, bila kulehemu. Swichi moja huuzwa chini ya dola moja. Hata zile zilizolehemiwa si msiba, kwa sababu mji umejaa mafundi wa simu wanaolehemu vitu vidogo kuliko hivyo kila siku, na swichi yenye miguu miwili ni kazi ya dakika chache kwao. Kibodi isiyo na soketi, isiyofunguka, yenye swichi za kampuni moja tu zisizopatikana popote, hiyo hata ikiwa ya laki tano ni ya kutupwa ikiharibika. Kibodi nyingi nzuri za waya pia zina waya unaochomoka. Waya ndiyo inayokatika kwanza, na ya kubadilisha unaipata popote.

Kisha kuna suala la herufi zilizochapwa juu ya vitufe. Kompyuta za mtumba zinazoingia nchini hutoka kila upande. Zilizotoka Uingereza zina alama ya pauni juu ya 3, na zimebadilishana nafasi ya @ na alama za kunukuu. Nyingi huwekewa mpangilio wa Kimarekani na fundi, kisha mwenye mashine anahangaika na barua pepe yake siku nzima. Zilizopitia Dubai huwa na Kiarabu pembeni ya Kilatini. Ndugu zetu wa Kongo wamezoea mpangilio wa Kifaransa, ambao A imekaa mahali pa Q na tarakimu zinataka Shift. Mambo haya yote hurekebishwa kwenye mipangilio ya kompyuta bila senti moja, kwa sababu kibodi haitumi herufi. Inatuma namba ya kitufe, na kompyuta ndiyo inayoamua namba hiyo ni herufi gani.

Kwa hiyo usidanganyike kwamba kibodi ya bei kubwa itakupa herufi ŋ ya Luganda au ya Acholi. Sijaiona imechapwa kwenye kitufe cha kibodi yoyote madukani. Inaletwa na programu. Keyman, kwa mfano, ni ya bure na inazo kibodi za lugha nyingi za Afrika, nayo inafanya kazi vilevile juu ya shuka ya mpira.

Taa za rangi ni pambo, na umeme ukikatika zinakula betri ya laptopu. Zizime.

Ukishaamua

Anayeandika kidogo anunue ya mpira iliyo mpya, basi. Mwanafunzi vilevile, na kilichobaki aongeze kumbukumbu ya kompyuta. Anayeishi kwa vidole vyake, awe karani, mwandishi, mpiga programu au mtafsiri, ataona faida ya kibodi ya swichi nyepesi yenye soketi, ya laki moja na nusu hadi laki mbili na nusu. Juu ya hapo ni starehe, nami sina neno na starehe ya mtu ilimradi asiiite uwekezaji.

Dukani, usikubali kuishika tu juu ya boksi. Zipo kibodi za mpira zilizovalishwa sura ya swichi, zenye taa na sauti, zinazouzwa kwa bei ya kati. Omba ichomekwe kwenye kompyuta, fungua ukurasa mtupu, kisha bonyeza kitufe polepole sana. Kwenye swichi ya kweli herufi itatokea kidole kikiwa bado hewani. Kwenye mpira itatokea kikigonga chini. Ng'oa kifuniko kimoja uone kijumba cha swichi na rangi yake. Bonyeza Shift zote mbili, kitufe cha nafasi na Enter kwenye pembe zao, maana virefu ndivyo vinavyokwama. Halafu piga A mara ishirini na uhesabu zilizotoka.

Dhamana ya kiwanda usiitegemee sana: mara nyingi hutaka kibodi irudishwe ilikotoka, na nauli ya kwenda na kurudi inaweza kumeza nusu ya bei. Patana na mwenye duka akuruhusu uirudishe ndani ya wiki moja, aandike hivyo kwenye risiti, na kama anazo swichi za akiba, chukua tano siku hiyohiyo.